Nuru Inavyovunja Ioni, na Redio ya Mjomba

Leo tuache programu kidogo tupande juu, kilomita kama 80 hivi.

Ukiwa na redio ya masafa ya kati, umeona kwamba usiku inanasa stesheni za mbali, lakini kukipambazuka inabaki kukoroma. Chanzo ni tabaka la hewa nyembamba linaloitwa D, kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu. Mchana, miale mikali ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli za huko, hasa oksidi ya nitrojeni. Wimbi la redio likipita, elektroni hizo hutikisika na kugonga hewa, na nguvu ya wimbi hupotea kama joto. Usiku elektroni nyingi hurudi kwenye ioni chanya, na nyingine hunaswa na oksijeni na kuunda ioni hasi. Ioni ni nzito, haitikisiki ovyo. Wimbi hupita, likarudishwa na tabaka za juu zaidi hadi mbali.

Alfajiri je? Molekuli ya oksijeni yenye chaji hasi imeshika elektroni yake ya ziada kwa nishati ya elektroni-volti 0.45 tu. Chembe ya nuru nyekundu ina karibu 1.8, kwa hiyo nuru ya kawaida inatosha kuibandua. Lakini ioni haikai peke yake. Hukutana na molekuli nyingine na kuwa ioni tata, kama CO3 yenye chaji hasi, ambayo huweza hata kubeba maji mgongoni. Miaka ya 1970, watafiti wa SRI huko California walizimulika ioni za aina hii kwa leza zikiwa katika hali ya gesi. CO3 ilivunjika ikatoa CO2 na atomu ya oksijeni yenye chaji. Ile iliyobeba maji iliyatupa maji. Sisi waandika programu tunaielewa hiyo: unaondoa kwanza kile kilichowekwa mwisho.

Haya si mambo ya maabara tu. Mjomba wangu wa Bungoma aliambiwa na fundi mmoja kwamba redio yake ina kifaa kilichokufa, alete pesa. Pesa yenyewe ilikuwa ya mbolea. Nikamwambia, "Mjomba, ngoja kwanza. Kifaa kilichokufa hakifufuki kila jioni." Nikaiunganisha redio na laptopu na kuandika programu ndogo ya kurekodi nguvu ya sauti kila dakika. Sauti ilianza kufifia kabla jua halijachomoza, siku baada ya siku. Mjomba akaitazama ile grafu, akanunua mbolea.

Nyumbani kwangu Kitale nimeona hivyo hivyo, na hesabu inakubali. Huku karibu na ikweta, miale ya kwanza hufika kilomita 80 juu kama dakika 36 kabla ya kutufikia sisi chini. Bungoma, iliyo magharibi zaidi, hulipata jua karibu dakika mbili baada ya Kitale.

Jaribuni wenyewe. Washa redio saa kumi na moja alfajiri, tafuta stesheni ya mbali, usiiguse tena. Kabla jua halijachomoza, juu kazi itakuwa imeshaanza. Kisha niambieni mlisikia nini.