Mbwa Mchanga Katika Kinamasi cha Maryland

Msafiri atokaye Washington, mji mkuu wa Marekani, akielekea mashariki kwa motokaa, hufika mahali ambapo nchi imekatwa na ghuba kubwa iitwayo Chesapeake. Daraja lake, lililofunguliwa mwaka 1952, lina urefu wa zaidi ya maili 4, na ng'ambo yake hakuna kilima hata kimoja. Ni mashamba ya mahindi na soya, na nyumba ndefu za kufugia kuku. Kisha, kusini ya mji mdogo wa Cambridge, mashamba yanakoma na kinamasi kinaanza. Hapo ndipo wilaya ya Dorchester, katika jimbo la Maryland. Maji yake si ya chumvi kabisa wala si matamu. Hujaa na kupwa pamoja na bahari, na wakati wa baridi majani yake huwa na rangi ya mabua ya mahindi yaliyosahauliwa shambani.

Nilifika huko mwezi wa Januari kwa mkulima mmoja mzee, ambaye alikuwa ameniahidi kunionyesha jinsi watu wa kwao wanavyowinda bata mwitu kwa mbwa. Kwetu mbwa hulinda boma, au humfukuza mnyama mpaka akachoka. Mbwa wa huko kazi yake ni nyingine: hukaa kimya karibu na bwana wake, humtazama bata anapoanguka, na baada ya kuamriwa huogelea akamchukua kwa mdomo na kumleta bila kumtafuna. Mbwa wa mzee huyo alikuwa jike wa miezi 14, jina lake Ginger, yaani Tangawizi, kwa ajili ya rangi yake. Alikuwa amefundishwa uani na bwawani kwa kutupiwa mfuko uliofungwa bawa la bata, lakini hii ilikuwa siku yake ya kwanza kinamasini penye bunduki.

Asili ya mbwa wa namna hii imeandikwa. Mwaka 1807 merikebu moja ya Kiingereza ilikuwa ikizama, na mabaharia wake wakaokolewa na merikebu iliyoitwa Canton. Pamoja nao waliokolewa watoto wawili wa mbwa kutoka Newfoundland, dume mwekundu na jike mweusi. Wakapelekwa Maryland, dume akaitwa Sailor, na jike akapewa jina la merikebu iliyomwokoa. Kwa miaka mingi wawindaji wa ghuba ile walizalisha mbwa wenye nguvu na manyoya mazito ya tabaka mbili yenye mafuta, hata maji hayafiki upesi kwenye ngozi. Mwaka 1964 mbwa huyo alifanywa mbwa rasmi wa jimbo la Maryland.

Baridi ya maji hayo si ya kuchezea. Harriet Tubman, mwanamke aliyewaongoza watumwa wengi kwenye uhuru, alizaliwa katika wilaya hii hii, na utotoni mwake, akiwa anaumwa surua, alitumwa aingie majini kutazama mitego. Niliyakumbuka hayo nilipouona utando mwembamba wa barafu ukivunjika mbele ya mashua yetu.

Tulitoka nyumbani kukiwa giza bado, kwa sababu sheria inaruhusu kuanza kupiga nusu saa kabla ya jua kuchomoza, wala si dakika moja mbele ya hapo. Mzee alipanga majini bata wa bandia kama 20, kisha tukaingia katika kibanda kilichofunikwa matete, mfano wa ulingo wa kulindia ndege shambani, ila huu ulikuwa chini sana. Ginger aliketi kwenye ubao mlangoni, akitetemeka mwili mzima. Nilidhani ni baridi. Mzee akasema, "La, Bwana. Huyo anangoja. Kumfundisha mbwa kuogelea si kazi. Kazi ni kumfundisha kungoja."

Mapambazuko yalipofika, kundi la bata lilipita juu sana, wembamba, wenye mikia mirefu iliyochongoka. Nilifurahi kuwaona, maana aina hiyo hiyo hufika Naivasha pia, ingawa wale wa kwetu hutoka Ulaya na Asia. Mzee hakuwapiga, walikuwa mbali. Baada ya muda wakashuka wawili wenye vichwa vya kijani. Bunduki ililia mara mbili. Mmoja alianguka wazi majini. Wa pili bawa lake lilivunjika. Akashuka kwa mshazari na kupotea katika matete, kiasi cha hatua mia moja kutoka kwetu. Ginger aliinuka nusu, mzee akatamka neno moja, naye akaketi tena. Kwa mbwa wa miezi 14 hilo lilikuwa jambo kubwa.

Alitumwa kwanza kwa yule aliyeruka kwenye matete, kwa sababu mfu hana haraka. Mzee akaifungua bunduki, akatoa marisaa, akaiegemeza ukutani. Sheria za nchi yao zinamtaka mwindaji ajitahidi kumpata kila ndege aliyempiga, lakini mzee huyu alikuwa na sheria yake zaidi ya hiyo: hatapiga tena mpaka aliyejeruhiwa amepatikana. "Akibaki mle," akasema, "atakufa kwa siku mbili au tatu, na hakuna atakayemhesabu."

Mbwa alifika kwenye matete akaelekea kushoto. Mzee akapiga filimbi na kunyosha mkono kulia, kwani huko ndiko alikomwona bata akianguka. Ginger akageuka, akamtazama, akaenda kulia kidogo, kisha akarudi kushoto. Filimbi ikalia tena. Safari hii hakugeuka. Mzee akaiweka filimbi mdomoni mara ya tatu, akaitoa bila kuipuliza. Matete yakatikisika mbali zaidi, kisha yakatulia. Zikapita dakika kumi, nasi hatukuona kitu wala hatukusikia kitu, na maji yalikuwa yanapwa na kuacha tope ambalo mbwa anaweza kuzama hadi tumboni. Mzee hakusema lolote, lakini aliivaa mikono yake ya mpira na kuanza kuifungua mashua.

Ndipo kichwa cha rangi ya tangawizi kikatokea upande wa kushoto kabisa, na bata akiwa mdomoni, hai, shingo imesimama. Bata yule alikuwa ametembea chini ya majani kuukwepa upepo, na pua ilijua lile ambalo jicho la mzee halikuliona.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Katika karne ya 19 watu waliwapiga bata wa ghuba hii usiku wamelala, kwa bunduki ndefu kupita kimo cha mtu, zilizofungwa mashuani, wakaua makumi kwa mlio mmoja na kuwauza katika hoteli za miji mikubwa. Sheria ya mwaka 1918 ilikomesha biashara hiyo. Tangu 1934 kila mwindaji wa bata aliye mtu mzima hununua stempu ya serikali, ambayo kwa miaka ya karibuni bei yake imekuwa dola 25, na karibu fedha yote hutumika kuhifadhi vinamasi. Kumwaga mahindi majini ili kuwaita bata ni hatia tangu 1935. Kenya ilichagua njia nyingine, ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977; mzee aliniuliza habari hiyo kwa makini sana, wala hakuicheka.

Adui wa sasa ni mwingine. Hifadhi ya ndege ya Blackwater, iliyo jirani, ilianzishwa mwaka 1933, na tangu miaka hiyo zaidi ya eka 5,000 za kinamasi chake zimegeuka maji matupu. Bahari inapanda na ardhi inadidimia. Panya wakubwa wa majini walioletwa kutoka Amerika ya Kusini walikula mizizi ya majani kwa miaka mingi; mwaka 2022 ilitangazwa kwamba wamemalizwa katika eneo hilo. Lakini misonobari iliyokufa kwa chumvi ingali imesimama kando ya njia, myeupe kama mifupa.

Tulirudi saa nne asubuhi na bata wanne, ingawa sheria iliruhusu sita kwa kila mwindaji. Ginger alikaushwa kwa gunia, akapewa chakula cha moto, akalala. Mzee akawanyonyoa bata, akaipasua firigisi ya kwanza mbele yangu. Zamani, akasema, ungekuta humo marisaa ya risasi ambayo bata aliyaokota topeni akidhani ni changarawe, nayo ilimuua kwa sumu; ndiyo sababu tangu 1991 marisaa ya risasi yamekatazwa nchini kote kwa kuwindia bata, na yeye hutumia ya chuma. Tulikuta mchanga, mbegu nyeusi za majani, na gamba dogo la konokono. Akaiosha, akaitia sufuriani.