Usikimbie Februari kwa Saa ya Julai



Leo alfajiri nimekimbia kilomita 8 hapa Mombasa kwa dakika 50. Wale mlionijua Limuru mtacheka. Kule kilomita 8 nilikuwa nazimaliza kwa dakika 40, na bado nina pumzi ya kuimba pambio. Mchungaji amezeeka? Labda kidogo. Lakini sababu kubwa si umri. Tuko Februari, na hapa Februari ni joto.

Mimi nililelewa na baridi. Limuru mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya majani chai, unatoka nyumbani na jaketi, kofia ya sufu na glavu. Kilomita ya kwanza ni mateso: vidole vimekufa ganzi, magoti yamekaza, kifua kinauma. Lakini ukishapata moto mwilini, unateleza tu. Baridi inakubeba. Jasho kidogo, kiu hakuna, na unaanza kujiona shujaa.

Halafu, miaka sita iliyopita, tukahamishiwa Kisauni. Tulifika mwezi wa kwanza. Wiki hiyohiyo nikafunga viatu, nikaangalia saa yangu, nikasema moyoni: dakika tano kwa kilomita, kama kawaida. Nikatoka saa moja na nusu, jua limeshapanda.

Kilomita ya nne moyo ulikuwa unagonga kama ngoma ya kesha. Jasho lilitiririka hadi kwenye soksi. Nikasema ni shetani, nikakaza mwendo. Karibu na Daraja la Nyali nikaanza kusikia baridi. Naam, baridi, katika jua lile! Vinyweleo vya mikono vikasimama, kichwa kikazunguka. Nikakaa chini kando ya barabara kama mzigo.

Mzee mmoja muuza madafu aliacha mkokoteni wake, akanivuta kivulini. Hakuniuliza mimi ni nani. Akakata dafu. "Kunywa, mwanangu." Nikanywa. Akakata la pili. "Kunywa tena, bado uko mbali na kwenu." Nikamwambia sina hata shilingi. Akasema, "Kesho utaleta. Lakini sikiliza, joto halitaki ubabe."

Baadaye nilijifunza alichokuwa anasema. Ukikimbia, misuli inataka damu. Kukiwa na joto, ngozi nayo inataka damu ili ipoze mwili. Moyo ni uleule mmoja, unafanya kazi mbili. Na hapa Pwani hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho halikauki, linadondoka tu. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Usipopunguza mwendo, mwili utakupunguza wenyewe. Lakini ukiwa mpole nao kwa wiki mbili hivi, unajifunza: unaanza kutoa jasho mapema na moyo unatulia.

Hata mabingwa wanajua hili. Ndugu yetu Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2018 kwa saa 2:01:39. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki, alikimbia Sapporo, Japani, katika joto na unyevu, akatumia saa 2:08:38. Karibu dakika saba zaidi! Ni kweli kwamba Sapporo hakukuwa na watu wa kumwekea kasi kama Berlin. Lakini niambie, mpendwa, je, alirudi nyuma? Alivaa dhahabu. Na katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku ili kukwepa jua. Hata hivyo, kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Hao si wavivu. Ni wanawake wenye mbio kuliko sisi sote.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Mwezi uleule niliomwangukia yule mzee mikononi, kulikuwa na ndugu mmoja kanisani. Nilipofika niliambiwa huyu ndiye nguzo: kesha za Ijumaa hakosi, maombi ya alfajiri yuko. Halafu kazi yake ya hoteli ikaisha. Akaanza kukosa kesha. Jumapili anakuja amechelewa, anasinzia wakati wa neno. Nikamwita baada ya ibada, nikamwambia, "Ndugu, nasikia zamani ulikuwa moto. Umepoa. Rudi kwenye mbio zako." Akaniangalia, akasema, "Ndiyo, Mchungaji." Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Nilikuwa nimemshikia saa ya Julai naye anakimbia Februari.

Juma lile nilikuwa naandaa somo la Eliya. Nimelihubiri mara nyingi tangu chuo cha Biblia, lakini sikuwahi kuona hili. Soma mwenyewe 1 Wafalme 18, mstari wa mwisho. Mvua kubwa inanyesha, mkono wa Bwana uko juu yake, na Eliya anakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Mbio za mvuani! Geuza ukurasa. Sura ya 19, mtu yuleyule yuko jangwani, mwendo wa siku moja, amekaa chini ya mti anaomba afe.

Na Mungu hakumkumbusha mbio za juzi. Hakumwambia amepoa. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji. Akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, akamwambia ale, kwa kuwa safari ilikuwa imemzidi. Mara ya pili! Nikaliona dafu la pili, nikafunga Biblia, nikalia.

Kesho yake nilimpelekea mzee pesa zake. Kisha nikanunua mkate, unga na sukari, nikaenda kwa yule ndugu. Sikuhubiri. Niliomba msamaha. Mkewe akatuwekea chai ya rangi, tukanyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mchungaji, sijaacha kuomba. Ila siku hizi naomba polepole."

Wapendwa, neno hilo halijanitoka hadi leo.

Alirudi kanisani baada ya Pasaka. Anakaa kiti cha nyuma. Hajawahi kurudi kwenye kesha zote kama zamani, nami sijamuuliza.

Kwa hiyo, wewe unayepita msimu wa joto, umefiwa, unauguza, biashara imefungwa, usijipime kwa rekodi ya msimu wa baridi. Punguza mwendo, usiache njia. Kunywa kabla ya kiu: hata mstari mmoja wa Neno kwa siku ni maji. Tafuta kivuli cha watu wanaokupenda. Na wewe ambaye hali yako ni Julai, unateleza tu, usimdharau anayetembea. Huenda moyo wake unafanya kazi mbili. Mbebee maji, na ukishampa mara moja, mpe tena.

Tuombe. Baba, tusamehe tuliowapigia kelele watu waliohitaji mkate. Mguse anayesoma akiwa amekaa chini ya mti wake. Mpe usingizi, mpe chakula, mpe nguvu ya hatua ya leo tu. Katika jina la Yesu. Amen.

Kama kuna mtu umemkumbuka ulipokuwa unasoma, usimtumie ujumbe huu. Mtembelee.

Mchungaji wenu.