Vinara vya Bibi Kule Matombo

Ndugu msomaji, ukipanda basi mjini Morogoro kuelekea Kisaki, utapita Bigwa, Kiroka na Mkuyuni, Milima ya Uluguru ikiwa kuume kwako, hata ufike Matombo. Upande huu wa mashariki hupata mvua nyingi zaidi, kwa kuwa pepo za Bahari ya Hindi hupiga hapa kwanza. Unyevu huo hustawisha mikarafuu na migomba. Kwa vyombo vya fedha, ni adui.

Bibi yangu anavyo vinara viwili vya mishumaa. Babu, aliyekuwa mpishi katika shamba la mkonge, alipewa na tajiri wake mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa. Kimoja kinang'aa. Cha pili kina mabaka ya manjano shingoni, na mkosaji ni mimi: nikiwa na miaka tisa nilikisugua kwa majivu na mchanga wa mtoni, kama tusuguavyo masufuria. Sikujua kwamba fedha ile ni ngozi nyembamba tu iliyopakwa juu ya shaba. Ilikwisha, wala haikurudi.

Weusi ule, msomaji, si uchafu. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani; ukiukwangua, waikwangua fedha. Bibi hutwaa sufuria kuukuu ya alumini, akatia maji ya moto na magadi kidogo, akakilaza kinara humo kigusane na sufuria. Punde hunuka kama mayai viza: salfa inaiacha fedha na kuiandama alumini. Sufuria husawijika, kinara hutakata. Hukisuuza, akakikausha kwa kipande cha kanga kilicholainika. (Kinara chenye kitako kilichogundishwa kisirowekwe, kipanguse kwa kitambaa chenye sabuni.) Nta nayo huyeyushwa kwa maji ya moto, haichokolewi kwa kisu.

Akiviweka, huvifunga kwa kitambaa kikavu cha pamba. Usifungie mpira, una salfa. Hata gazeti halifai kwa kazi hiyo, Mhariri aniwie radhi.

Safari yangu ya mwisho umeme ulikatika tukiwa mezani. Bibi akawasha mishumaa yote miwili, akakisogeza mbele yangu kile chenye mabaka.

"Hiki ndicho chako, mume wangu," akasema, akaendelea kula.