Fedha Iliyoiona Kaya, Isimwone Mlezi

Shangazi alianza kumlea mwanawe mwenye mtindio wa ubongo Mbagala ingali na mikorosho mingi kuliko nyumba. Kumlea huko si kumpikia tu. Ni kumgeuza usiku asipate vidonda, kumlisha uji taratibu asipaliwe, kumsafisha, kufua mashuka kila kukicha. Kazi hiyo haikuwa na mshahara wala likizo, na hakuna aliyeiita kazi.

Msaada wa serikali tulioujua enzi zile ulikuwa wa karatasi. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, asiye na uwezo alichukua barua ya mtaa akaenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii ili asamehewe malipo. Barua ilimwondolea mgonjwa deni. Mwuguzaji hakupata hata nauli. Na nauli ndiyo iliyomwelemea shangazi. Baadaye mtoto alipoanza mazoezi ya viungo katika hospitali ya CCBRT, Msasani, ilibidi atoke Temeke kwenda Kinondoni kwa daladala za kuunganisha, mtoto mkubwa mgongoni, miguu ikining'inia. Mara nyingi kliniki ilimpita kwa sababu hiyo tu.

Waliombeba ni wanawake wenzake. Walikuwa na mchezo wao wa kuchangiana fedha pale mtaani, na kila mzunguko mpya ulipoanza kijumbe aliyezikusanya alimpa shangazi zamu ya kwanza. Walijua kwamba siku mtoto akiamka na kifafa, maandazi yake ya kuuza hayachomwi. Kwangu mimi, ile ndiyo posho ya kwanza ya mlezi niliyoishuhudia, nayo ilitoka kwa watu wasio na kitu.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, lakini fedha za kuwekwa mkononi mwa kaya masikini zilienea na awamu ya tatu, iliyozinduliwa 2012. Ulipofika mtaa wetu, mpango ulianza kwa mkutano wa hadhara. Jina la shangazi likasomwa, hakuna aliyelipinga. Malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili. Alinunua godoro, mpira wa kutandikia, kuku wachache, na pampasi pale zilipobaki shilingi. Sitaki mtu aidharau fedha ile. Niliuona uso wake ukinyanyuka.

Hata hivyo fedha ile iliiona kaya, haikuiona kazi yake. Masharti yalihusu watoto kwenda kliniki na shule. Ajira za muda za mpango huo zilitaka mtu mwenye nguvu katika kaya, na pale nyumbani mwenye nguvu alikuwa mmoja, ambaye hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake. Sheria ya mwaka 2018 nayo ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao kwa mikopo, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, ila mkopo hurudishwa, na biashara humtaka mtu anayeweza kutoka nje ya mlango.

Wenzetu wamethubutu. Kenya ina ruzuku ya watu wenye ulemavu mkubwa tangu 2011, na hupokelewa na mlezi kwa niaba yao. Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa baadaye hadi 50,000. Uingereza ilianza kuwalipa wanaouguza ndugu mwaka 1976, lakini wake za watu wakaachwa nje hadi 1986, kana kwamba kuuguza ni sehemu ya ndoa. Fikra hiyo ipo kwetu pia: mwanamke akiuguza, tunasema ametimiza wajibu, basi.

Sasa shangazi ni mzee, na mwanawe ni mtu mzima aliyemzidi uzito. Anayemwinua mwana huyo ni dada yake mdogo, ambaye ameacha cherehani yake kwa ajili hiyo. Ulezi umerithiwa, kipato hakikurithiwa.

Ninaiomba serikali, wakati Bima ya Afya kwa Wote ikitekelezwa na kaya zikiendelea kuandikishwa, iongeze swali moja kwenye fomu: nani humu ndani anauguza? Kisha huyo alipwe kwa jina lake, kuanzia na nauli ya kliniki na bima yake mwenyewe. Nanyi wajumbe wa serikali za mitaa mnaosoma hapa, majina mnayo. Yaandikeni, myapeleke.