Mamtoni Inaanzia Mbwera

Washikaji wa Dar mnadhani safari ya mamtoni inaanzia bandarini. Thubutu! Kwa mtu wa Mbwera, delta ya Rufiji, inaanza maji yakijaa mikokoni: boti hadi Nyamisati, gari hadi Bungu, kisha lami mpaka Dar. Ukisahau karatasi moja nyumbani, unarudi kusubiri maji tena. Si mchezo!

Basi, mzigo wa Oman uandikie orodha kungali mapema: kitu, idadi, thamani. Usiandike "vyombo", andika "masufuria 3". Weka nakala za pasipoti na kibali cha ukaazi. Mkeka wa ukindu na kinu cha mti, ulizia cheti cha afya ya mimea. Hati ya shehena ikitoka, soma jina lako herufi kwa herufi. Forodha hawajui sura yako, wanajua karatasi.