Kabati la Baba na Jani la Sale

Tulipomzika baba, mimi kama kitinda mimba niliachiwa nyumba ya wazazi na vilivyomo, kama ilivyo desturi ya kwetu Uchagani. Kati ya vilivyomo lilikuwepo kabati la vyombo la mninga, lenye milango miwili, ambalo baba alilitengenezesha mwaka 1968 alipofunga ndoa na mama. Lilikuwa limekaa stoo miaka mingi. Vanishi ilikuwa nyeusi kwa moshi, mguu mmoja umevunjika, na ubao wa nyuma umeliwa na bungua hata ukiugusa unadondosha unga.

Mke wangu alishauri tulichanje kuni. Nilikataa, nikasema ni kumbukumbu ya baba. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka watu waone nani alimjali baba, kwa sababu wakati huo mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa hatusemezani.

Ugomvi wetu ulikuwa wa mpaka wa kihamba. Katika kikao cha ukoo, maneno yalipopanda, nilimwita kaka mlevi aliyekula mali ya baba. Nilisema hayo mbele ya watoto wake. Mimi ni mchungaji. Kila mwaka huwafundisha vijana wa kipaimara ombi la tano la Sala ya Bwana, na maelezo ambayo Martin Luther aliyaweka katika Katekisimo Ndogo mwaka 1529: kwamba tunaomba kusamehewa ingawa hatustahili, na kwamba nasi tutawasamehe kwa moyo wale wanaotukosea. Niliendelea kulifundisha ombi hilo kwa miaka miwili bila kukanyaga nyumba ya kaka, ambayo iko hatua chache kutoka kwangu, ng'ambo ya mfereji.

Kazi ya kabati niliianza siku za Jumatatu, siku yangu ya mapumziko. Mguu niliuunga, nikabadilisha ubao wa nyuma na bawaba. Kisha, kwa haraka, nikapaka praima na rangi ya kijani juu ya vanishi ile ya zamani. Lilipendeza sana. Wageni walilisifu. Baada ya majuma matatu rangi ikaanza kubanduka vipande vipande, na weusi wa zamani ukachungulia.

Nilimwita fundi seremala wa pale mtaani. Alikwangua kidogo kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Mchungaji, rangi haishiki juu ya moshi na mafuta. Hapa mbao umeificha tu, hujaitengeneza."

Nikaanza upya. Fundi alinielekeza nitumie msasa mkali kwanza, namba 80, kisha namba 120, na mwisho 220, nikifuata nyuzi za mbao, wala si kuzikata. Matundu ya bungua niliyatia dawa ya wadudu, nikaacha yakauke, nikayaziba kwa vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi. Kazi hiyo ilichukua miezi miwili. Vidole vilichubuka. Lakini siku moja rangi halisi ya mninga ilitokea, ile ya hudhurungi yenye mistari, nami nikaketi chini nikaitazama. Kumbe ilikuwepo muda wote.

Sasa nilitaka kuchora kitu kwenye ile milango. Nilikumbuka kwamba Hekalu la Sulemani, tunavyosoma katika Wafalme wa Kwanza sura ya 6, lilichongwa kutani mitende na maua yaliyochanua. Hata kinara cha taa katika Kutoka 25 kilikuwa na vikombe vya mfano wa maua ya mlozi. Mungu hakuona aibu kuwa na majani na maua nyumbani mwake. Nikafikiri kuchora migomba au maua ya kahawa. Nikamwuliza mama, aliyekuwa amekaa kibarazani akichambua maharage.

Mama hakuinua macho. "Chora masale," akasema.

Wasomaji wa kutoka mahali pengine nawaeleza: sale ni mmea wenye majani marefu membamba yanayosimama pamoja kileleni mwa shina. Sisi Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Tena mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na ni vigumu sana kulikataa.

Nikachora. Nilianza kwa penseli, nikaja na brashi nyembamba na rangi ya maji, kijani kibichi kwanza, halafu kijani kilichokolea upande wa kivuli, na mstari mwembamba katikati ya kila jani. Mlango wa kushoto ulimalizika vizuri. Nilipofika katikati ya mlango wa kulia, mkono ulisimama. Nilikuwa nachora alama ya msamaha juu ya kabati la baba, na mwana wa kwanza wa baba huyo hajaliona jani langu. Yale maneno ya Bwana Yesu katika Mathayo sura ya 5, kwamba uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako, nilikuwa nimeyahubiria wengine mara nyingi. Siku hiyo yalinihubiria mimi. Nikakumbuka na neno la fundi.

Niliosha brashi. Nikakata jani la sale pale mpakani, palepale tulipogombania, nikavuka mfereji. Kaka alikuwa ananolea panga mlangoni. Nikamwambia, "Kaka, nilikutukana mbele ya watoto wako. Nimekosa. Naomba unisamehe." Niliomba watoto waitwe, nikayasema tena mbele yao. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kikao chochote cha usharika.

Kaka alilitazama jani muda mrefu. Alilipokea. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Ingia ndani, mdogo wangu, chai ipo."

Majuma kadhaa baadaye alikuja kuliona kabati, likiwa limekwisha pakwa vanishi isiyo na rangi. Alipitisha kiganja juu ya milango yote miwili, akainama chini, akagusa pembeni. "Hapa umeacha tundu la bungua," akasema. Tukaliziba pamoja. Suala la mpaka bado liko kwa wazee wa ukoo, na huenda uamuzi usinipendeze. Lakini tunalizungumza tukiwa tumekaa meza moja.

Mpendwa msomaji, Mungu hatutupi kuni kwa sababu tumeliwa na bungua, wala hatupaki rangi juu ya moshi wetu. Kwa neema yake hutukwangua hadi mbao itokee, nasi huumia, lakini mkono unaokwangua ni ule ule uliotobolewa kwa misumari kwa ajili yetu. Kama kuna nyumba ambayo hujavuka mfereji kuiendea, usingoje umalize mchoro wako. Osha brashi, uende leo.