Mkunazi si wa Maiti Peke Yake

Miongoni mwa kazi zetu za ukatibu wa msikiti hapa Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, ni kutunza vifaa vya maziko: sanda, kafuri, ubani na mfuko wa unga wa majani ya mkunazi. Miaka yote hiyo hatukuufikiria mkunazi ila kwa josho la maiti.

Mwaka jana mwenzetu wa nyumbani alijifungua salama, alhamdulillahi. Mtoto alipotimiza miezi mitatu, nywele za mama yake zikaanza kutoka. Hakutuambia. Siku moja tulizikuta zimefungwa katika karatasi chini ya mto. Nasi badala ya kumwuliza, tukaenda mjini Mtwara, tukanunua chupa ya shampuu ya bei kubwa, tukamwachia mezani. Aliitumia mara tatu. Kichwa kikamwasha, na nywele zikaendelea kutoka.

Bibi mmoja anayeosha maiti wa kike alipokuja kuchukua unga, tulimweleza. Akatuambia, "Katibu, chota na wewe kidogo umpelekee mkeo."

Mwenzetu aliutambua unga ule kwa harufu yake. "Baba watoto, wataka kuniosha kabla sijafa?" Akalia. Hapo ndipo tulipojua hofu aliyoibeba peke yake: alidhani ana maradhi makubwa, na kwamba mtoto atalelewa na wengine.

Usiku ule tulifungua vitabu vyetu vya chuoni. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Bi Aisha (r.a.): mwanamke alimwuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kuoga baada ya hedhi, akaelekezwa atumie maji na mkunazi, na asugue kichwa mpaka maji yafike kwenye mashina ya nywele. Hadithi hiyo tuliisoma chuoni. Bibi yule, ambaye hakupita chuo chochote, ndiye aliyetukumbusha.

Tukamsomea mwenzetu. Asubuhi tukafuatana naye zahanati. Mkunga alieleza kwamba kila mtu hupoteza nywele kama 50 hadi 100 kwa siku. Wakati wa ujauzito nyingi hubaki kichwani. Baada ya kuzaa, zile zilizobaki huanguka kwa pamoja, na kwa kawaida hali hurejea ndani ya mwaka mmoja. Akatuonya pia: kichwa kikitoka upara wa mabaka, au kikiwa na vidonda, mgonjwa arudi apimwe.

Basi mkunazi hauoteshi nywele, nasi hatutaki kumdanganya msomaji. Kazi yake ni kusafisha kwa upole. Majani hukaushwa kivulini, yakatwangwa na kuchekechwa. Unga hukorogwa kwa maji ya vuguvugu hadi utoe povu jepesi, ukapakwa kichwani na kusuuzwa vizuri. Kabla yake, mwenzetu hupaka ncha za nywele mafuta ya nazi. Hasuki tena misuko ya kubana, na hafungi ushungi juu ya nywele mbichi.

Nywele zake zimeanza kurudi, nyembamba, pembeni mwa paji la uso. Lakini enyi waume wenzetu, lililotuumiza ni ile karatasi chini ya mto. Mwaka mzima tulijua hesabu ya sanda zilizomo kabatini, tusijue aliyelala karibu nasi anaogopa nini. Tumwulize mtu kwanza, ndipo tuende dukani. Wallahu a'alam.